Gamondi: kabla ya Azam na Tabora, wewe ulikuwa umeshaona nini?

KINYOZI WA BUGURUNI (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni Mwananchi wa kuzaliwa, kinyozi, ofisi yangu iko Buguruni jirani na Sheli. Tangu Taifa Stars watolewe na Morocco kule Rabat kwa lile goli moja, pale kwangu hakuna mada nyingine zaidi ya kocha Gamondi. Stars kuingia 16 bora ya AFCON ilikuwa haijawahi kutokea, halafu aliyekuwa kwenye benchi ni mtu yuleyule ambaye sisi Yanga tulimfungashia virago Novemba 2024. Hapo kila mtu ana lake. Huyu anasema, "Mmeona mlichokifanya?" Yule anasema, "Tumeona nini? Pointi mbili kundi zima, kafungwa na Nigeria, sare na Uganda, sare na Tunisia, hiyo nayo ya kupigia ngoma?"

Jumamosi iliyopita mteja mmoja kanyanyuka kitini na shuka langu shingoni, upande wa kushoto nimeshashusha, wa kulia bado, kamfuata jamaa kwenye benchi aliyesema Gamondi alibebwa na wachezaji. Nikazima mashine nikasubiri. Wamerushiana maneno wee, mwisho yule mteja kajiona kwenye kioo, karudi mwenyewe kukaa. Hela alilipa yote, ila hakuniaga.

Mimi msimamo wangu siufichi. Kwangu Gamondi ndiye kocha aliyeipa Yanga soka tamu kuliko wote niliowaona kwa macho yangu. Tarehe 5 Novemba 2023 nilikuwa kwa Mkapa, tunacheza na Simba. Musonda kafunga watu hawajakaa, Kibu kasawazisha, mapumziko tukaenda moja moja, na nikawa nimeshaanza kuhesabu nauli ya kurudi nyumbani kimya kimya. Kipindi cha pili kikaja kile kilichokuja. Tano kwa moja. Wanaosema ilikuwa bahati waitazame tena ile mechi, waangalie Maxi alikuwa anaingilia wapi na nani alikuwa anamvuta beki ili apite. Ile kitu ilifundishwa mazoezini.

Halafu Februari 2024, siku ya Belouizdad, ile tuliyoiita Pacome Day. Wiki ile mimi nilipaka vichwa rangi ya dhahabu, viwe kama cha kiungo wetu Pacome, mpaka vidole vikachubuka. Walikuja watu wazima na ndevu zao, mzee mmoja mstaafu wa bandari akasema "paka tu, mke wangu atajua mwenyewe". Jioni tukawapiga Waarabu 4-0 na tukaingia robo fainali. Wale wale walikuwa wametufunga 3 kwao. Yanga ilikuwa haijagusa hata hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa tangu 1998!

Robo fainali yakafuata ya Sundowns, lile shuti la Aziz Ki lililogonga mwamba likadunda ndani, VAR wakasema halijavuka. Siyarudii, nina presha. Ubingwa wa 30 tukachukua, kombe la shirikisho tukachukua kule Zanzibar kwa penalti mbele ya Azam.

Msimu mpya ukaanza. Mechi nane za ligi, ushindi nane, nyavu zetu hazijaguswa hata mara moja. NANE. Kisha Azam 1-0 tarehe 2 Novemba, beki wetu Bacca kala nyekundu mapema. Tarehe 7, Tabora United 3-1. Tarehe 15, kwaheri. Na siku hiyohiyo kocha mpya, Ramovic, anatambulishwa.

Swali langu ni moja na naomba tusitukanane. Wewe unayesema alistahili kuondoka, niambie: kabla ya tarehe 2 Novemba ulikuwa umeshaona nini? Usiniambie Tabora. Tabora kila mtu aliona, hata mke wangu asiyejua mpira aliona. Nataka mtu aliyeona kabla.

---

BEKI TATU

Mkuu Kinyozi, mimi niliona kabla, na watu wa kijiweni kwetu Mbagala Kizuiani ni mashahidi wangu.

Hizo mechi nane unazozitaja kwa herufi kubwa, ulizihesabu magoli? Kagera 2-0. KenGold 1-0. KMC 1-0. Pamba 4-0. Simba 1-0, tena beki wao kajifunga dakika za lala salama. JKT 2-0. Coastal 1-0. Singida 1-0. Mechi nane, tano ni kimoja bila. Sasa rudi msimu wake wa kwanza: alianza na KMC 5, akaja JKT 5. Mechi mbili goli kumi! Timu ileile, kocha yuleyule, na wapinzani baadhi walewale. KMC aliyekula tano mwaka mmoja kabla, sasa anatoka na kimoja.

Wapinzani walikuwa wameshamsoma. Wanajaza watu katikati, Aziz Ki anapokea mpira akiwa amelipa mgongo goli, Pacome anazungukwa na watatu, mabeki wa pembeni wanapanda wanakuta ukuta. Na yeye hakuwa na jibu zaidi ya kusubiri mtu mmoja afanye muujiza. Mechi ya KenGold aliyefunga ni Bacca. Beki wa kati! Goli moja la beki ndilo lililotupa pointi tatu kwa timu iliyopanda daraja msimu huohuo, na sisi tukashangilia nyavu kutoguswa.

Nyavu kutoguswa ni kazi ya kipa Diarra na mabeki. Bacca alipokosekana, Tabora wakaingiza tatu. Ukiwa na timu inayofunga kimoja, siku ya kwanza utakayofungwa ndiyo siku utakayopoteza. Hicho ndicho nilichokiona kabla.

---

MNYAMA MTULIVU

Naomba niingie kwenye msiba usionihusu.

Sisi wa Msimbazi, watu wa Simba, ndio tunaomjua Gamondi kuliko nyinyi. Alitupiga 5-1, akatupiga 2-1 Aprili, akatupiga kimoja kwenye Ngao ya Jamii, akatupiga kimoja Oktoba. Sisi kwake tuliambulia penalti za Tanga tu, na Mungu amlinde kipa wetu Ally Salim. Tarehe 7 Novemba 2023 tukamfukuza kocha wetu Robertinho kwa sababu ya huyo mtu. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 7 Novemba 2024, Tabora wakamfanyia yeye alichomfanyia Robertinho. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Mlipomfukuza, kundi letu la simu lilipiga vigelegele. Hapo mngejiuliza kidogo.

---

MZEE WA TWIGA

Wanangu, salamu.

Kinyozi umeitaja 1998, nikaona niseme. Mwaka ule tulipangwa na ASEC, Raja na Manning Rangers wa Afrika Kusini. ASEC ndio waliochukua kombe. Raja walitufanya vibaya sana kwao, sitaki kuandika matokeo hapa mbele ya watoto. Tulikuwa tumefika mahali ambapo hatukuwa na uwezo wa kukaa. Kwa hiyo mimi niliyeona ile, nilipoona 2024 Sundowns hawatufungi dakika 180, Dar hawakufunga na Pretoria hawakufunga, nilitoka sebuleni nikaenda kusimama uani.

Na mkumbuke mechi ya kwanza hapa Dar tulikuwa bila Pacome, bila Yao, bila Aucho, wote majeruhi. Kocha anayeweza kuwazuia Sundowns bila watu hao watatu huyo amefundisha.

Ila sitaki kumtetea mpaka mwisho. Makocha Jangwani nimeona wakija na kuondoka tangu nikiwa nauza magazeti Mtaa wa Twiga, na hakuna hata mmoja aliyeondoka watu wote wakakubaliana. Kinachoniuma mimi ni namna. Mtu amekupa ubingwa na robo fainali ya Afrika, unamtoa asubuhi, jioni unatangaza mwingine. Maana yake mazungumzo yalishafanyika huku yeye bado anapanga koni uwanjani.

---

KINYOZI WA BUGURUNI

Shikamoo mzee wangu. Umesema kitu kuhusu namna, na mimi nakiunga mkono.

Beki Tatu, asante, angalau wewe umejibu swali. Lakini umeruka kalenda. Simba tarehe 19 Oktoba. JKT tarehe 22. Coastal tarehe 26, Arusha. Singida tarehe 30, Zanzibar. Azam tarehe 2, Chamazi. Siku tatu tangu wavuke maji wako uwanjani na Azam, wamebaki kumi kabla hata nusu saa haijaisha. Timu gani inafunga nne nne kwa ratiba hiyo? Wachezaji wengine katikati ya hayo wametoka kuitwa timu zao za taifa. Kimoja bila kwenye ratiba ile mimi nakipokea kwa mikono miwili.

---

MAMA CHAKULA TEMEKE

Kaka Kinyozi, mimi napika, nauza chakula hapa Temeke karibu na stendi, na mechi za nyumbani naenda. Naomba nisemee kitu ambacho wanaume mmekizunguka.

Gamondi nilimpenda. Pacome Day nilifunga genge saa sita mchana, sijawahi kufanya hivyo hata Idd. Lakini alikuwa mgumu wa kubadilisha. Ukikaa jukwaa la mzunguko unaona benchi vizuri. Dakika ya 60 watu wamechoka, unawaona wameshika magoti, na wale wa akiba wanapasha tu, wanapasha, wanarudi kukaa. Dakika ya 80 ndiyo anaingiza mtu. Ile timu ya Oktoba ilikuwa kama wali uliopashwa mara tatu: bado ni wali, unashibisha, lakini mteja anajua.

Kwa hiyo kaka, ratiba ni kweli. Lakini ratiba ni ya kila mtu, na kikosi kilikuwa kikubwa. Chama tulimchukua kwa watani, Dube katoka Azam, Baleke, Boka. Walisajiliwa wapashe?

Hata hivyo siku ya kufukuzwa nililia. Mtu anaweza kuwa na kasoro na bado ukalia.

---

FUNDI FRIJI KINONDONI

Mnapoteza muda. Timu aliijenga Nabi, kocha aliyemtangulia. Nabi kachukua ligi 2021/22 bila kufungwa hata mechi moja, karudia 2022/23, na fainali ya Shirikisho Afrika kaifika, tukashinda hadi Algiers kwenye mechi ya marudiano na kombe likatupita kwa goli la ugenini. Gamondi kakuta nyumba imeshaezekwa.

---

KINYOZI WA BUGURUNI

Fundi, nyumba gani? Mayele aliyefunga kila wiki kaenda Pyramids. Fei Toto kaenda Azam. Bangala kaenda Azam. Hiyo ndiyo nyumba aliyoikuta, imetolewa milango. Pacome, Maxi, Yao wamekuja kwake ndipo wakawa hao tunaowajua. Aziz Ki wa Nabi na Aziz Ki wa Gamondi ni watu wawili: huyu wa pili kamaliza ligi na magoli 21, mfungaji bora, wakati ni kiungo.

Na Julai 2024 si walikutana wenyewe Afrika Kusini? Nabi yuko na Kaizer Chiefs, Gamondi yuko na sisi. 4-0. Mechi ya maandalizi, sawa, Nabi ndiyo kwanza alikuwa anaanza pale, sawa. Lakini nne!

---

FUNDI FRIJI KINONDONI

Mechi ya maandalizi hata mimi na wewe tunaweza kufundisha.

---

BEKI TATU

Mama Chakula kanisaidia, nilikuwa nakuja hapohapo.

Kinyozi, tuchukue mtu mmoja tu: Dube. Mechi zote za ligi chini ya Gamondi, hana goli. Watu wakaanza kumzomea, wengine wanasema tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kaja Ramovic, na ile "gusa, achia, twende kwao", Desemba Dube kawapiga Mashujaa tatu peke yake. Mwezi huohuo Fountain Gate wakala tano. Miguu ni ileile. Kilichobadilika ni jinsi mpira ulivyomfikia. Kwa Gamondi mpira ulikuwa unapita kwa Aziz Ki na Pacome kwanza, ukimfikia mshambuliaji mabeki wanne wameshapanga foleni. Kwa Ramovic ukipora tu unakwenda mbele.

Huwezi kuniambia hilo lilikuwa ratiba. Desemba nayo ilikuwa na mechi kibao, za ligi na za Afrika.

---

MNYAMA MTULIVU

Ramovic huyohuyo aliyekaa hata miezi mitatu haikuisha akaenda zake Algeria? Mlikuwa mnamshangilia nyumba ya kupanga.

---

KINYOZI WA BUGURUNI

Mnyama leo umeniwahi.

Beki Tatu, la Dube ni zito, sikatai, nimelisoma mara mbili. Lakini na wewe usichague miezi. Mechi ya kwanza ya huyo wako: Al Hilal, kwa Mkapa, tumepigwa 2-0 nyumbani. Ya pili ya kundi Algiers, MC Alger, 2-0 tena. Mechi mbili za makundi, pointi sifuri, goli sifuri. Mpaka Januari tunamhitaji MC Alger tumfunge hapa Dar, tukatoka 0-0 na tukaaga. Mwaka mmoja nyuma, kundi lina Al Ahly bingwa wa Afrika, tulipita. Kwangu mimi hiyo ndiyo bei ya kubadilisha kocha siku kumi na moja kabla ya kundi kuanza. Ligi tungechukua tu, na tulichukua, hata baada ya Ramovic kuondoka akaja Hamdi. Ligi ile wachezaji wale wanaichukua. Afrika ndiko unakomhitaji mtu aliyezunguka nako, na Gamondi alikuwa ameshafundisha Afrika Kusini, Morocco, Algeria. Alikuwa anawajua hao watu kwa majina.

Na Septemba 2025 kaja na Singida Black Stars, kawafunga Al Hilal haohao 2-1 fainali ya Kombe la Kagame, pale pale KMC, Mwenge. Nilikuwa jukwaani na jezi ya kijani. Watu walinishangaa. Nikawaambia mimi nimekuja kumwona mtu wangu.

---

MAMA CHAKULA TEMEKE

Kagame si Ligi ya Mabingwa kaka, tuwe wakweli. Ila jezi ya kijani kwenye fainali ya watu wengine, hapo nimecheka peke yangu jikoni.

Swali langu kwako: leo wakisema anarudi Jangwani, utataka? Mimi sitaki. Nitamshangilia Stars mpaka sauti ikauke, ila Yanga hapana.

---

KINYOZI WA BUGURUNI

Dada yangu, nitataka, kesho asubuhi. Ila nitataka mtu wa kumsimamia hayo mabadiliko ya dakika ya 60.

Na hapo ndipo narudi kwa Beki Tatu. Tuseme yote uliyoyaona ni kweli: vimoja bila, Dube hapati mpira, kikosi hakizungushwi. Hayo ni mambo ya kumwita mtu ofisini. Baada ya Coastal unamkalisha, unamwambia kocha, tumeona moja mbili tatu, badilisha. Wewe ungekuwa kiongozi, ungemwita au ungemfukuza?

---

BEKI TATU

Ningemwita. Ningempa mpaka Al Hilal. Akipoteza ile nyumbani, ningemfukuza usiku huohuo.

---

MNYAMA MTULIVU

Kumbe uzi mzima mmegombania siku kumi na moja.

---

KINYOZI WA BUGURUNI

Mnyama, hizo siku kumi na moja ndizo zilikuwa na mazoezi ya kundi ndani yake, wewe kaa pembeni kwanza.

Beki, nijibu hili kabla sijafunga ofisi, nina mteja mmoja amebaki: kwa majeruhi waliokuwepo wiki ile, wewe mabeki wako wanne wa kumpangia Al Hilal ni nani na nani? Majina. Usiniandikie mfumo.